UZI: Refa asiyeyumba uwanjani anayumba akimpenda mwanamke mwenzake kwa mara ya kwanza. Nimemharibu mhusika wangu?

#1 Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naandika riwaya, nimefika sura ya sita na nimekwama.

Mhusika mkuu ni Zawadi, refa wa mpira wa miguu, miaka 34. Katika sura tano za mwanzo ni chuma. Dakika ya 88 anatoa kadi nyekundu huku wachezaji sita wamemzunguka wanampigia kelele, wala hapepesi jicho. Ameishi na mwanamume miaka minne, wakaachana kwa uamuzi wake yeye, mazungumzo ya dakika kumi yakaisha. Sura ya sita anakutana na Leila, mpiga picha wa michezo, na moyo unamdondoka. Hajawahi kumpenda mwanamke. Hakulitarajia.

Tangu hapo Zawadi wangu anaandika ujumbe na kuufuta. Anauliza mambo kwa kuzunguka. Anapita mlango aliokusudia kuubisha.

Watu wangu wawili wamesoma rasimu. Mmoja kasema, "Huyu si yule wa sura ya pili, umenibadilishia mtu." Mwingine kasema afadhali, sasa ndiyo amekuwa mtu. Mimi nasimama hapa: mashaka yake ni ya kweli na siyafuti. Ninachotafuta ni chanzo chake. Nikikosea chanzo yataonekana yamebandikwa kwa gundi, na msomaji atayabandua. Nisaidieni.

#2 Chakubimbi

Nakaa pembeni nisome. Ila kwa maelezo hayo huyo dada anahitaji VAR.

#3 Bint Sauda

Aliyesema umembadilisha mtu hajawahi kupita njia hiyo.

Nakueleza yangu. Nilikuwa nasimamia watu kumi na wanane kazini. Kusema hapana kwa bosi wangu hakukunipa shida hata siku moja. Nikampenda rafiki yangu, mwanamke, na ilinichukua miezi kumi na moja kutamka sentensi moja. Kumi na moja! Na sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Ukiondoka leo nitabaki nakuwaza."

Sikuwa naogopa kukataliwa. Wanaume wamenikataa, nikala, nikalala. Nilichokosa ni dalili. Mwanamume akinisogelea nilikuwa najua kinachofuata, kwa sababu tangu utotoni nimeona hadithi hiyo mara elfu: anavyotazama, anavyotafuta sababu ya kurudi, anavyouliza kama una mtu. Kwa huyu nilikuwa namwangalia ananifunga kilemba, mkono wake uko shingoni kwangu, nasema moyoni: huu ni mkono wa rafiki au ni mkono wa nini? Wanawake tunashikana hivyo kila siku. Nikisoma vibaya nampoteza rafiki wa miaka tisa.

Kwa hiyo usimwandike Zawadi kama mtu aliyepungukiwa ujasiri. Ujasiri wake uko palepale, kilichopungua ni alama za barabarani.

#4 Mzee wa Koma

Bint Sauda ameandika vizuri lakini mimi napinga. Mashaka haya ni mazoea ya waandishi kuliko ukweli wa maisha. Tumezoeshwa kwamba mapenzi ya aina hii katika kitabu lazima yaanze kwa kutetemeka na yaishe kwa msiba. Kwa miaka mingi mchapishaji asingekubali kitu kingine. Tazama Maurice ya E. M. Forster, ya 1914: kijana anatamkiwa upendo na rafiki yake chuoni, anaruka kama kamwagiwa maji ya moto. Tangu hapo kila mtu anaiga kuruka huko. Zawadi ni refa. Mwache apige filimbi.

#5 Mhariri Mstaafu

Mzee wa Koma, nakurekebisha kwa heshima, maana kitabu hicho nakijua. Forster aliiandika Maurice mwaka 1913 na 1914, lakini haikuchapishwa mpaka 1971, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Tangu 1914 hakuna aliyekuwa anaiga kitu, kwa sababu ilikuwa kabatini, inasomwa na marafiki wachache tu.

Na sababu ya kukaa kabatini inakwenda kinyume na hoja yako. Forster aliimaliza kwa furaha kwa makusudi. Huko Uingereza wanaume wawili walikuwa wanafungwa kwa jambo hilo mpaka sheria ilipolegezwa 1967, na kitabu ambacho wapenzi wake hawaadhibiwi kilikuwa hatari kuliko kile ambacho mmoja wao anakufa.

Tena umeishia nusu. Kweli Maurice anaruka Clive anapomtamkia. Lakini hayaishii hapo. Anajichunguza, anaumia, halafu yeye mwenyewe anapanda dirishani kwa Clive kabla hakujapambazuka. Mtu yuleyule! Sijaona mashaka na ujasiri vikikaa karibu hivyo katika kifua kimoja. Baadaye Alec, mfanyakazi wa shamba, naye anapanda ngazi kuingia dirishani kwa Maurice, bila falsafa yoyote. Mleta uzi, tazama nani anapanda dirisha na kwa nini, usihesabu tu nani anatetemeka.

#6 Mzee wa Koma

Mwaka nimekosea, asante. Hoja sijaiacha.

#7 Kipenga

Nimesoma toka juu na naona wote mnajenga juu ya jambo ambalo si kweli. Nimekuwa refa miaka kumi na mbili, wa ligi za chini, sijawahi kuonekana kwenye televisheni. Naomba niseme.

Mnadhani refa ana uhakika. Hana. Refa ana UAMUZI. Ni vitu viwili. Nimetoa penalti huku rohoni naona nusu kwa nusu. Ila Sheria ya 5 inaufanya uamuzi wangu uwe wa mwisho, na mpira ukishaanzishwa upya, hata nikigundua nimekosea, imekwisha hiyo. Kinachonisimamisha imara ni kitabu cha sheria nyuma yangu, wasaidizi wawili wenye vibendera pembeni, na dakika tisini zenye mwisho. Nitolee hivyo vitatu uone kama nitasimama.

Sasa Zawadi na Leila. Hakuna kitabu. Hakuna kibendera. Hakuna kipenga cha mwisho. Kwa hiyo mimi simwoni kama mtu aliyebadilika. Namwona refa aliyetolewa uwanjani.

La pili, na hili ndilo nimeingia kulisema. Refa mzuri hapulizi papo hapo. Ukiona faulo unasubiri sekunde mbili tatu uone kama timu iliyochezewa vibaya inanufaika, ndiyo advanteji. Mwanafunzi hupuliza haraka kwa sababu ya hofu, aonekane yupo. Walionifundisha walitukataza kukimbia na kipenga mdomoni. Tukishike mkononi, ili ule muda wa kuinua mkono ukupe nafasi ya kuona upya. Kwa hiyo huko kuandika na kufuta mnakokuita mashaka, huenda ni ufundi wake uleule. Anasubiri aone mchezo unaelekea wapi.

#8 Bint Sauda

Kipenga, miezi kumi na moja ni advanteji ndefu sana, ndugu yangu.

#9 Kipenga

Hahaha, hapo mpira ulikuwa umeshatoka nje, dada.

#10 Kobe Polepole

Mimi naleta upande ambao haujaguswa: asiyejua kitu huwa jasiri. Mara ya kwanza hujui unachoweza kupoteza, unaenda tu. The Price of Salt ya Patricia Highsmith ndiyo mfano wangu. Therese ana miaka kumi na tisa, anauza midoli kwenye duka kubwa, anamwona Carol mara moja tu, Carol anasahau glavu kaunta, Therese anazituma kwa posta. Hajui jina la anachohisi. Hajawahi kumpenda mwanamke. Na ndiye anayechukua hatua ya kwanza! Mashaka yanakuja baadaye, akishaelewa. Kwa hiyo Zawadi angeanza na kasi, kisha aogope sura ya tisa huko.

#11 nyotamchana

Glavu ni za filamu ya 2015, Kobe. Kwenye kitabu Therese anamtumia Carol kadi ya Krismasi, na hata jina lake haliandiki, anaweka namba yake ya mfanyakazi. Ambayo kwangu inavunja hoja yako kidogo. Mtu anayetuma kadi bila jina ana ujasiri au ana mashaka? Mimi naona vyote viwili katika bahasha moja. Amejitokeza, na papo hapo amejiachia nafasi ya kurudi nyuma.

Mwandishi naye alifanya hivyohivyo. Kitabu kilitoka 1952 kwa jina la Claire Morgan. Jina lake halisi aliliweka 1990.

#12 Kobe Polepole

Nimekubali kuhusu glavu. Ila bado alituma, jamani. Bahasha ilifika.

#13 Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Asanteni sana, hamjui mmenifungua kiasi gani. Kipenga, nimeandika neno "uamuzi si uhakika" ukutani juu ya meza.

Nawabandikia kipande chenyewe ili tusizungumzie hewani:

*Picha iliingia saa tano usiku. Hakukuwa na maelezo. Zawadi aliikuza kwa vidole viwili. Wachezaji walikuwa ukungu wa rangi mbili, jukwaa lote lilikuwa ukungu, na katikati ulikuwepo uso wake peke yake, mkali, hata tone la jasho juu ya nyusi lilionekana. Akatafuta mpira. Hakuuona. Halafu ujumbe: "Hii nimeipenda, shoga yangu."*

*Akaandika: Asante. Akafuta. Akaandika: Umepiga lini hii? Akafuta. Akaandika: Na mimi nimeipenda. Akaitazama ile "na mimi" mpaka kioo kikazima.*

Yule msomaji wangu wa kwanza aliishia hapo, akasema mtu aliyetoa kadi nyekundu sura ya pili hawezi kushindwa na ujumbe wa maneno matatu.

#14 Jicho la Pembeni

Mimi ni mpiga picha, na michezo nimepiga sana. Umenishtua na huo mpira usioonekana, sijui kama ulikusudia.

Picha ya mpira isiyo na mpira ni ngumu kuiuza. Wahariri wanaitupa. Ukiwa pembeni ya uwanja macho yanafuata mpira hata usipotaka, ndiyo kazi. Kwa Leila kugeuza lenzi kubwa, akaweka foukasi kwenye nyusi za refa, akaacha mpira upite, ina maana katika sekunde hiyo aliacha kufanya kazi. Mpiga picha yeyote akisoma hapo atajua Leila ameshasema kila kitu.

Lakini Zawadi si mpiga picha, hawezi kujua. Na kuna maelezo mengine ambayo ni halali kabisa: refa anapotoa kadi sisi humpiga uso, hiyo inauzika vizuri. Kwa hiyo dalili ipo, na dalili hiyohiyo inaweza kuwa kazi ya kawaida. Huo ndio ugumu ambao Bint Sauda ameusema kule juu, wa mkono shingoni.

#15 Mwana wa Kamusi

Ninyi mnaangalia picha, mimi nimesimama kwenye neno. "Shoga yangu."

Mleta uzi, umecheza na moto, na nakupongeza. Wanawake wa pwani wakiitana shoga wana maana ya rafiki wa karibu, mwandani, wa kupeana siri. Ni neno tamu. Neno hilohilo mtaani ni tusi kwa mwanamume anayependa wanaume. Leila akimwita Zawadi shoga yangu, anamwambia: wewe ni wa karibu. Na anamwambia pia: wewe ni rafiki, basi. Mlango umefunguliwa na kufungwa kwa neno moja, na Zawadi yuko nje kashika kitasa. Ningekuwa yeye hata mimi ningefuta mara tatu.

Halafu "nimeipenda". Sisi tunapenda wimbo, tunapenda kiatu, tunapenda mtu, kitenzi ni kilekile. Mtu anaweza kutamka neno lote la mapenzi mbele ya watu mia na asijulikane amesema nini. Lugha inampa maficho, na maficho hayohayo yanamnyima jibu.

#16 Mama Wawili

Mada yenyewe kimaadili siko nayo, nisiwafiche. Ila nimesoma kile kipande na nimeisikia ile "na mimi". Aliyewahi kupenda ameiandika ile na akaifuta. Kwa upande wa uandishi sioni kosa.

#17 Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Mama Wawili, asante kwa kusoma na kwa kusema wazi. Nimeipokea kwa mikono miwili.

#18 Sauti ya Tatu

Mnanishangaza kidogo. Kurasa hizi zote mnatafuta mashaka ndani ya kifua cha Zawadi. Je, kama yako nje? Mtu anaweza kujijua vizuri kabisa, asiwe na swali hata moja kuhusu moyo wake, na bado akafuta ujumbe kwa sababu simu inaweza kushikwa na mtu mwingine.

Tazama Rafiki, filamu ya Kenya ya 2018. Kena na Ziki hawasumbuki sana na "mimi ni nani". Wanapendana upesi, tena Ziki ana moto. Kinachowabana ni macho ya mtaa, umbea, baba zao wagombea wawili wanaoshindana kwenye uchaguzi, na mwishowe kipigo cha watu. Na hao wasichana hawakuwa wanaota: filamu yenyewe ilipigwa marufuku nchini humo kabla haijaonyeshwa, mpaka mahakama ikairuhusu siku saba. Kwa hiyo mleta uzi atuambie kwanza Zawadi anaishi chini ya sheria gani na majirani gani. Tukishajua, huenda tutaacha kuyaita mashaka tukaanza kuyaita akili.

Na ni vizuri kwamba hadithi imetoka kwa mwandishi wa Kenya, si ya kuletewa.

#19 nyotamchana

Hapo mwisho kidogo tu: mwongozaji Wanuri Kahiu ni Mkenya, lakini filamu imetokana na hadithi fupi "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Mengine nakuunga mkono. Na Mwana wa Kamusi atapenda kwamba jina la filamu ni neno lilelile la maficho. Unamtambulisha umpendaye: huyu ni rafiki.

#20 Bint Sauda

Sauti ya Tatu, umesema kweli ila si yote. Mimi hofu ya nje niliijua vizuri, nilikuwa nafunga mlango na pazia. Lakini ndani ya mlango uliofungwa, pazia limeshushwa, tuko wawili tu, bado ulimi haukunyanyuka. Hiyo ya pili ndiyo sijawahi kuielewa mpaka leo. Ingekuwa majirani tu, pale ningesema.

#21 Mzee wa Koma

Basi niingie kwa mlango mwingine. Nani kasema mapenzi mapya lazima yapunguze ujasiri? Celie wa The Color Purple, riwaya ya Alice Walker ya 1982, anaanza akiwa hana sauti kabisa. Anamwandikia Mungu barua kwa sababu ameambiwa asimwambie mtu mwingine. Anapigwa, anaitwa mbaya. Halafu anakuja Shug Avery, mwimbaji, mwanamke asiyemwogopa mtu, na kwa kumpenda Shug, Celie ndipo anapopata mgongo. Baadaye anamjibu mume mezani mbele ya watu wote na anaondoka. Hakuna kutetemeka kunakozidi! Mapenzi ya kwanza kwa mwanamke ndiyo yaliyomsimamisha.

Ndiyo maana nasema Zawadi kuyumba si sheria ya asili. Ni chaguo la mwandishi.

#22 Mhariri Mstaafu

Huo ni mfano mzuri sana, mzee, na umenifanya niufikirie usiku kucha. Lakini Celie hakuwa na cha kupoteza, na mwenye kujua njia alikuwa Shug. Mmoja wao alikuwa na ramani. Zawadi na Leila, kwa nilivyosoma, hatujui kama yupo mwenye nayo. Mleta uzi, Leila amewahi kumpenda mwanamke? Kama ndiyo, hadithi inageuka kabisa, kwa sababu atakuwa anamsubiri Zawadi kwa subira ya mtu aliyewahi kukosea.

#23 Dogo wa Vitabu

Habari wakubwa. Mmetaja vya zamani vingi. Heartstopper, hadithi ya katuni ya Alice Oseman, inafanana na ya Zawadi kuliko vyote hivyo. Nick anacheza raga, ni mkubwa wa mwili, kila mtu shuleni anampenda, halafu anampenda Charlie na usiku anafungua intaneti peke yake anajibu maswali ya kupima kama anapenda wanaume. Mtu mwenye nguvu zote hizo anaiuliza mashine. Kwa sababu anajua kupendwa, hajui tu kama hili ni yeye. Mashaka yake si juu ya Charlie hata kidogo. Ni juu ya miaka yake yote ya nyuma: je, nilikuwa nadanganya?

Nadhani Zawadi ana hilo pia. Ile miaka minne na yule mwanamume. Hajajiuliza ilikuwa nini?

#24 Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Dogo, umenikamata. Sijamwuliza. Nimeipitisha ile miaka minne kwa sentensi mbili kwa sababu niliiogopa mimi mwenyewe.

#25 Bint Sauda

Usimfanye aitupe. Mimi sikudanganya wakati ule. Nilipenda, kwa namna ile, kwa wakati ule. Wasomaji wengi wanataka ya kwanza iwe uongo ili ya pili iwe kweli.

#26 Mwana wa Kamusi

Wazo lililonijia nikioga: Kiswahili hakina "yeye wa kike" na "yeye wa kiume". "Alimtazama, akamtaka abaki." Nani? Hatujui. Ungeweza kwenda sura tatu nzima ukisema "mpiga picha" tu, msomaji akampenda pamoja na Zawadi kabla hajajua ni mwanamke. Si kila lugha inakupa zawadi hiyo bila jasho.

#27 Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Nililifikiria na nikalikataa. Nikimficha Leila nitakuwa namtega msomaji, na mtego unasema kuna kitu cha aibu nyuma ya pazia. Halafu nitapoteza mashaka yenyewe. Zawadi anajua tangu sekunde ya kwanza kwamba Leila ni mwanamke, ndiyo sababu anafuta. Msomaji asiyejua hilo ataona mtu anayefuta ujumbe bila sababu.

#28 Mwana wa Kamusi

Nakubali. Ila kwenye mazungumzo ya Zawadi na dada yake itumie. "Kuna mtu namuwaza." "Anafanya kazi gani?" "Anapiga picha." Dada mtu anafurahi mwezi mzima, na hakuna uongo uliosemwa.

#29 Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Hiyo naichukua leoleo. Mungu akubariki.

#30 Chakubimbi

Niliingia na VAR, sasa nimesoma kurasa tatu na nina swali la kweli. Kwa nini lazima ajibu kwa kuandika? Mtu huyu kazi yake ni mwili: mkono, kadi, kipenga, kukimbia. Uwanjani haandiki kitu zaidi ya namba ya mchezaji. Mmemweka mezani na simu, mahali ambapo hana silaha hata moja, halafu mnashangaa anayumba. Mpeleke uwanjani.

#31 Kipenga

Chakubimbi! Kumbe una akili hivi. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta tangu #7 nikakosa maneno.

#32 Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Nimekaa nalo siku mbili. Nimeandika upya mwisho wa sura:

*Jumamosi alifika uwanjani saa moja kabla ya wengine. Leila alikuwa nyuma ya goli, amepiga goti, anafuta lenzi kwa ncha ya fulana. Zawadi alitembea kutoka katikati ya uwanja mpaka pale, bila kukata kona, na njia nzima kipenga kilikuwa ndani ya ngumi yake, si mdomoni. Alipofika hakusalimia.*

*"Mpira ulikuwa wapi?"*

*Leila akainua macho. "Mpira gani?"*

*"Kwenye ile picha. Nimeutafuta siku tatu."*

#33 Bint Sauda

Hilo swali! Ningekuwa nalo mimi, nisingehesabu miezi kumi na moja. Amemwuliza kila kitu na bado anaweza kurudi nyumbani akasema niliuliza habari ya mpira.

#34 Jicho la Pembeni

Na mpiga picha hawezi kulikwepa. Akijibu kitaalamu atakuwa anadanganya, na wote wawili watajua.

#35 Mzee wa Koma

Ni nzuri, sikatai. Lakini "nimeutafuta siku tatu" naona umemrudisha nyuma. Angeishia kwenye swali la kwanza angekuwa refa. Alipoongeza la pili ameomba.

#36 Kipenga

Mimi hilo la pili ndilo nilipolia.

#37 nyotamchana

Tumeandika posti thelathini na sita kuhusu hofu ya Zawadi, na kila mmoja wetu kamwona Leila kama jibu linalosubiri kuulizwa. Mhariri kagusa kidogo pale #22, hatukumfuata. Lakini picha ilitumwa na Leila. Saa tano usiku. Bila maelezo, halafu ndiyo yakafuata maneno yenye "shoga yangu" mwishoni. Je, yeye alifuta mara ngapi kabla hajaituma?